Kadi ya Nelio Uliyoniachia

Mapendo mwanangu,

Barua za kwetu huanza kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Mimi ni mzima kweli, mgongo tu. Lakini wewe hauko mbali. Uko chumba cha pili, nasikia unavuta ule mkanda wa kufungia maboksi na kuukata kwa meno wakati mkasi upo. Kesho asubuhi ndege inakupeleka Perth kuanza chuo, na mimi nimekaa hapa jikoni, Jumapili saa nane mchana, shati la kanisani sijalivua, namwandikia mtu ambaye nikimwita kwa jina anakuja.

Mambo ya kila siku sitayagusa. Mama yako ameandika kurasa tatu kabla ya kwenda kazini kwa wazee anaowatunza: namna ya kupika sombe, yaani kisamvu, ya kwenye mfuko, dawa ya pumu ikae wapi, nani wa kumpigia simu katika kanisa la kule. Neno "soksi" amelipigia mstari mara mbili. Mimi juu ya soksi sina la kuongeza.

Naandika Kiswahili kwa makusudi. Najua nikisema Kiswahili wewe unanijibu Kiingereza, ndivyo tulivyoishi miaka yote hii na tunaelewana vizuri tu. Lakini kusoma unasoma, polepole, midomo ikitembea, kama nilivyokufundisha kwa kitabu cha nyimbo. Hii nataka uisome polepole.

Ni habari ya kadi ya Nelio.

Alhamisi niliporudi kazini uliiweka mbele yangu mezani, ndani ya kijisanduku chake cha plastiki ngumu, ukasema, "Papa, this one's yours. You stood there too." Nilisema asante. Kisha nikatoka nje kumwagilia lengalenga, mchicha wetu, na mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Mama yako alinitazama dirishani. Katika kadi mia mbili na kitu ulizokusanya, umeniachia ile unayoipenda kuliko zote, ili nikuone nikiiona. Siwezi kukaa na kadi hiyo bila kukwambia jambo ambalo hata mama yako sijamwambia.

Nianzie nyuma kidogo.

Ulikuwa na miaka kumi na moja shule yenu ilipowapa tiketi za bure za besiboli. Uwanja uko hapa hapa, karibu na kwetu Doonside, na kitu cha bure baba yako hakiachi. Tulikwenda hata timu ya nyumbani hatuijui ni ipi. Mimi nilikuwa nimetoka shifti ya usiku ghalani Ingleburn, nikalala kwenye kiti na kofia usoni. Nilipoamka, hukuwepo. Nilikukuta kwenye uzio katikati ya watu wengine, wazee kwa watoto, wamewanyooshea wachezaji kadi zenye picha zao na mipira na kalamu, watiwe saini. Wewe ulikuwa umenyoosha tiketi kwa kuwa hukuwa na kitu kingine.

Niliona aibu. Nakwambia kama ilivyo. Miaka tisa nilikaa kambi ya wakimbizi kule Kigoma nikipanga mstari na kunyoosha mkono, leo unga, kesho mafuta, keshokutwa sabuni, na nilijiapia kwamba mtoto wangu hatamnyooshea mtu mkono. Nikakushika bega. "Twende. Miye sitaki kuombaomba." Wewe ukanijibu bila hata kugeuka, "It's not begging, Papa. They like it."

Aliyenitoa ujinga ni yule mzee Les mwenye faili jeusi, ambaye hakosi mchezo. Alinieleza kwamba wale ni vijana wa timu ndogo za Amerika, wanaletwa huku wakati wa kiangazi chetu ili wasikae bure, na wengi wao hawatafika ligi kubwa maisha yao yote. "Nobody asks half these kids for anything, mate," aliniambia. "Your girl's making their day." Akakufundisha adabu ya mchezo huo: jina la mchezaji ulijue kabla ya kumwita, kalamu iwe wazi kabla hajafika, kadi moja tu si tano, na asante umwambie hata aliyekupita. Na akakwambia kwamba saini ya kununua ni ya mwenye duka. Yako ni ile uliyouona mkono ukiitia. Hilo ulilishika kama amri ya kumi na moja.

Basi tukawa watu wa uzio. Nilitoka Ingleburn asubuhi, nikalala kidogo, jioni nikakupeleka. Sikuwahi kukwambia, lakini nilipenda. Nilijifanya nimechoka, nikabeba kiti na maji nikilalamika, na moyoni nilikuwa nahesabu siku za mchezo ujao. Nyumbani ulikuwa mtoto wa kimya, ila pale ulimwita mtu mrefu kama mlango kwa jina lake, na yeye akasimama.

Nelio ulimsubiri michezo mitatu. Mara ya kwanza alipita na barafu imefungwa begani, hakutazama mtu. Ya pili ikanyesha. Ya tatu alisimama. Kijana mwembamba, mrushaji wa mkono wa kushoto, Kiingereza chake kimevunjika kuliko changu. Alikuuliza jina lako lina maana gani, ukamwambia, akacheka akasema mama yake angelipenda. Aliiweka kadi juu ya bomba la uzio, akatia saini kwa ile kalamu ya buluu, na kwa sababu mkono wake ulikuwa wa kushoto, kiganja kikapita juu ya wino kabla haujakauka. Mwisho wa jina ukachafuka. "Sorry, sorry," akasema, akataka kuupangusa. Ukamzuia. "No, leave it. It's good." Nilikupiga picha kwa simu yangu ukiwa umeishika, na njia nzima ya kurudi nyumbani hukufunga mdomo. Ulisema ule mchafuko ndio ushahidi wako kwamba yeye alikuwa pale na wewe ulikuwa pale.

Wiki hiyo kadi ilikwenda nawe shule ndani ya begi, ikarudi kona moja imejikunja. Nikasema, "Leta nikuwekee." Kila mtoto wa Kiafrika anayajua maneno hayo. Ndiko zinakopotelea noti wanazopewa na mashangazi. Wewe ulinipa bila wasiwasi.

Sasa, ugonjwa wangu wa plastiki unaujua. Kambini mvua iliwahi kuingia ndani ikalowesha karatasi zetu zote, namba ya faili na kila kitu, na ikatuchukua karibu mwaka kupata nyingine. Watu waliokuwa nyuma yetu wakasafiri kabla yetu. Tangu hapo karatasi isiyo na plastiki naiona kama mtoto aliyetoka nje bila nguo. Tulipofika Sydney nililamineti, nikafunika kwa plastiki, kila kilichoingia nyumbani, mkataba wa nyumba, cheti chako cha kuogelea, hata cheti cha kuzaliwa, mpaka yule mama wa dirishani, ofisi ya serikali, akanirudishia: "Can't stamp that, love." Ulicheka kwenye treni mpaka abiria wakatutazama.

Kwa hiyo saa ya mapumziko niliingia ofisi ya ghala, kwenye mashine ya kulamineti tunayotumia kwa vibao vya rafu, nikaipitisha kadi ya Nelio. Hakuna aliyenituma. Kadi ilikuwa nene kuliko karatasi. Iliingia nusu, ikakwama. Nikavuta, mashine nayo ikavuta, na harufu ya kuungua ikaanza kutoka. Nilipofanikiwa kuitoa ilikuwa imejikunja kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango, na saini imekuwa doa la buluu tu. Nikaipeleka nje nikaitupa kwenye pipa kubwa la takataka, haraka, kama mtu aliyeua.

Mpaka hapo lilikuwa kosa la mjinga, na mjinga husamehewa. Ningerudi nyumbani nikakwambia. Ungelia, ungeninunia wiki moja. Nelio alikuwa bado ana majuma mawili hapa. Ningeweza kwenda kwake mimi mwenyewe na kadi nyingine, nimwambie, bwana, nimeharibu kitu cha mtoto wangu, nisaidie. Nililifikiria hilo njiani, nikaliona lote lilivyo jepesi. Lakini lilitaka mimi, mtu mzima, nikasimame kwenye uzio ninyooshe mkono. Nikashindwa. Ni kiburi hicho tu, Mapendo. Nimekitafutia jina zuri zaidi kwa miaka sita sijalipata.

Nikaagiza kadi kama ile kwenye mtandao. Ulipouliza nikasema iko salama, usinisumbue. Ilipofika, Nelio alikuwa amekwisha kurudi kwao. Nikakaa ghalani saa ya chakula na kalamu ya buluu, nikafanya mazoezi nyuma ya ratiba ya shifti, nikiitazama ile picha ya kwenye simu. Nilikuwa na mkono mwepesi. Huo pia nikueleze ulikotoka.

Kambini mimi ndiye niliyekuwa na mwandiko katika mtaa wetu. Fomu zilipokuja, wasiojua kuandika walikuja kwangu, na wagonjwa, na waliokuwa wamekwenda kutafuta kuni siku ya mwisho ya kurudisha karatasi. Niliwatilia saini. Leo wako watu Kanada ambao saini yao ya kwanza niliitia mimi, na waliniletea ndakala, dagaa wetu, kwenye sahani, wakanibariki. Hakuna aliyeniita mwongo. Ni mmoja tu aliyenikatalia, bibi mmoja tuliyemwita Mama Riziki. Aliivuta kalamu mkononi mwangu. "Leta nichore miye mwenyewe," akasema, na akachora msalaba, polepole, watu mstarini wakiguna. Nilimwona mkaidi anayetupotezea muda. Basi nilipokuwa namtilia Nelio saini, nilijiambia ni msaada ule ule. Mtoto anataka jina, mimi nampa jina.

Niliinakili herufi kwa herufi. Ule mchafuko wa mwisho nilikuwa nimeusahau, nikauona pichani nikadhani ni uchafu, nikauacha, nikaandika safi. Halafu nikaifuta picha.

Siku niliyokurudishia, ulisimama sebuleni ukaigeuza kadi kuelekea dirishani. Uliitazama kwa muda mrefu. "Papa, the smudge is gone."

"Smudge gani?"

"Where his hand went. It was here."

"Wino unakauka, Mapendo. Ni vile tu."

Ukatikisa kichwa, taratibu, bila utovu wa adabu. "I don't think it's the same card."

Hapo ndipo nilipofanya kosa ninaloliandikia barua hii. Nilipandisha sauti. Nilisema, "Unasema papa yako ni muongo, ao? Miye ninayetoka kazini sijalala, nakusimamia pale kila juma, leo unaniita mwizi ndani ya nyumba yangu?" Nilisema na mengine, kuhusu watoto wa huku wasiojua heshima. Mama yako akatoka jikoni mikono ina unga, hajui lolote, amesikia tu ninavyofoka. "Mapendo, omba papa pardon. Sasa hivi."

Ukainamisha kichwa. Ulikuwa na miaka kumi na mbili. Ukasema, "Sorry, Papa. Maybe I remembered it wrong."

Na mimi nikakusamehe! Nilikuwekea mkono kichwani kabisa, kama askofu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu nimeitembea miaka sita. Kadi uliiweka ukurasa wa kwanza wa albamu, na kila aliyekuja nyumbani ulimwonyesha, ukimweleza juu ya mkono wa kushoto na mama yake Nelio. Lakini habari ya kiganja kupita kwenye wino uliiacha. Niligundua hilo mapema sana. Uliikata ile sehemu ya hadithi ambayo haikulingana na kadi, kwa sababu baba yako alikuwa amekwambia haikutokea.

Ningeweza kuishi na hilo pia, naogopa. Binadamu huzoea. Lakini ulipokuwa na miaka kumi na sita mwalimu wa kemia alikukosea maksi, na mama yako akakwambia rudi kesho umwonyeshe hesabu yako. Mimi nilikuwa koridoni navua viatu. Nikakusikia unamjibu, "It's fine, Mama. Maybe I saw it wrong." Sauti ile ile. Mwalimu alikuwa amekosea, hesabu yako niliiona mezani na hata mimi wa ghalani niliielewa. Nilikaa koridoni na kiatu kimoja mkononi nikajua nani alikufundisha maneno hayo. Hukuyapata shuleni. Uliyapata kwangu, sebuleni, kwa sauti ya juu.

Hata hapo sikusema. Nilikwenda kununua samaki.

Ndiyo maana leo sikupi maneno ya kukuambia kuwa hodari. Unakwenda mahali ambapo watu watakwambia hukuona ulichokiona: mwenye nyumba, bosi, labda na mvulana, na wengine watasema kwa upole kabisa. Nisingekuwa na haki ya kukuonya juu yao wakati wa kwanza wao ni mimi. Ninachoweza ni kukurudishia kilicho chako. Mchafuko ulikuwepo. Ulikuwa upande wa kulia, mwisho wa jina, na ulikuwa umevuta wino kwenda chini kidogo. Kadi ile haikuwa yenyewe. Uliiona kwa macho yako ndani ya dakika moja, ukasema kwa adabu, na ulikuwa sahihi, na mtu mzima akakufanya uombe radhi kwa kuwa sahihi. Mimi ndiye niliyetakiwa kuomba. Naomba sasa. Nisamehe, mama.

Jambo moja nimejifunza, na nalisema kwa sababu limenigharimu. Nilipokuwa nafoka siku ile sikuwa na hasira hata kidogo. Nilikuwa na hofu. Nimejichunguza tangu hapo, na karibu kila nilipowahi kufoka nyumbani humu, nilikuwa nimejua tayari kwamba nimekosa. Mama yako anasema nimepoa siku hizi kwa ajili ya umri. Si umri.

Kadi yenyewe fanya utakavyo. Ichome, iache, ipeleke Perth. Saini iliyo juu yake ni ya mfanyakazi wa ghala la Ingleburn, na sidhani kama kuna anayekusanya za kwetu. Nelio hakufika ligi kubwa, nilimtafuta mtandaoni. Anafundisha watoto kwao kurusha mpira. Anuani ya ile shule yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii, na usiku wa kuamkia Ijumaa nilimwandikia kwa Kiingereza changu hiki nikamwambia yote. Sijui kama atajibu. Nimenyoosha mkono, ndiyo habari.

Hapa nilikuwa nimepanga kumaliza. Nilikuwa nimekwisha kuchagua mfuko wa pembeni wa begi lako kubwa, ule wa zipu, niifiche barua humo uikute Perth ukitafuta soksi. Ungekuwa umbali wa saa tano kwa ndege. Hasira yako ingenijia kwa simu, na simu mtu anaweza kuiacha ilie. Nimekaa na mpango huo tangu Alhamisi nikiuona wa busara, na sasa hivi tu, nilipoandika neno "niifiche", nimeuona ulivyo.

Kwa hiyo sitaiweka kwenye begi. Nitagonga mlango wako nikupe karatasi hizi mkononi, sasa hivi, mchana huu, wakati bado tuna jioni nzima na safari ya kesho ya kwenda uwanja wa ndege, tumekaa kiti kwa kiti, ukitaka kuninunia uninunie karibu. Halafu nitarudi hapa jikoni nikae. Mama yako akirudi nitamwambia mwenyewe, hilo lisikutie mzigo.

Soma mpaka mwisho. Usinihurumie na usiwe na haraka. Ukimaliza, njoo unieleze siku ile uliona nini, yote, na kwa lugha yoyote. Sitakukatiza.

Papa